Nyumba ya Dada Juu ya Ubao wa Mlango

Mume wa dada yangu alifariki kwa homa katika miaka ya hamsini, akiwa karani wa reli pale Tanga. Aliacha mke, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na msingi wa nyumba huko Ngamiani, mawe yamekwisha kupangwa lakini hakuna ukuta hata mmoja ulioinuka. Mimi nilikuwa sijaolewa. Nyumbani Ushongo wakanifungia nguo zangu, wakanipeleka mjini nikae na dada, katika nyumba aliyopanga na mumewe, mpaka amalize eda.

Dada alikuwa mshonaji. Nyumba ile walikuwa wakiizungumza yeye na mumewe tangu walipopata kiwanja, na aliijua yote. Alitaka chumba cha mbele kiwe cha cherehani, nacho kiwe na mlango wake wa pembeni unaotokea uchochoroni, ili wanawake waje kupimwa nguo bila kupita barazani palipokaa wanaume.

Mdogo wa marehemu, mtu mwema ila mwenye haraka, alitaka kuta ziinuke kabla ya masika. Akaja na fundi mwashi, mzee mmoja wa Kibondei kutoka Muheza. Mimi nikawa wa kupeleka maneno, maana shangazi yetu, aliyekuwa akimsimamia dada katika eda, hakutaka hata sauti ya dada isikike kwa mwanamume wa kando.

Maneno yakaharibika njiani. Dada alisema mlango uwe kulia, kumbe moyoni mwake amesimama uani anatazama mtaa. Fundi alikuwa amesimama mtaani anatazama uani. Kamba ya kupimia ikavutwa upande wa jirani, ambako mlango ungefunguka kwenye ukuta wa mtu. Mdogo wa marehemu alipoona hatuelewani, alisema kwa upole kwamba huenda ni afadhali wajenge vyumba viwili vya kawaida tu, mengine yangojee dada atoke eda. Nilipomfikishia habari hiyo, dada hakulia.

Wakati huohuo bibi mmoja wa Kizungu wa shamba la mkonge, ambaye dada alikuwa akimshonea mapazia, alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Aliposikia msiba alimpelekea mtoto sanduku la chai limejaa matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yenye vinundu juu ambayo hushikana ukiyabana. Wanawe walikuwa wamekua, hawayataki tena. Sisi hatukuwa tumeyaona kabla. Mtoto alitia moja mdomoni. Dada akalitoa, akalifuta kwa kanga, akalibana juu ya jingine. Akayabandua, akaanza upya, safari hii la juu akiliweka katikati ya mawili ya chini, kama wafanyavyo waashi. Kisha akaniomba nimletee mlango wa zamani uliokuwa umeegemezwa uani.

Kesho yake alinituma kiwanjani na kibiringo cha uzi, nikate uzi wenye urefu wa kila ukuta wa msingi. Niliporudi, aliukunja kila uzi, akaukunja tena na tena, kila mmoja mikunjo idadi ileile, mpaka nyuzi zikawa fupi za kutosha kulala juu ya ule ubao wa mlango. Juu ya nyuzi hizo ndipo akapanga matofali. Nilikaa nikimtazama tu. Mtu asiyewahi kushika mwiko wala pimamaji alikuwa akiinua kuta zilizonyooka, na pembe zake zilikutana bila pengo.

Nyumba ikajaa ubao mzima. Kuta za nje nyekundu, za ndani nyeupe, mlango wa wanawake akauzungushia buluu. Paa hakuliweka, ili mtu aone vyumba. Chumba cha cherehani alikibomoa mara nyingi, kwa sababu dirisha halikumpa mwanga anaoutaka. Matofali mekundu yalipopungua kwenye ukuta wa ua, alimalizia kwa vibiringo vitupu vya uzi.

Siku za mwanzo shangazi alinung'unika kwamba mjane anacheza vitu vya watoto, na watu wakijua watasemaje. Dada hakuinua macho.

"Sichezi, shangazi," alisema. "Naongea na fundi."

Jioni ile nilimwona shangazi ameinama, anachungulia jikoni mwa nyumba ile.

Ilipokamilika tuliibeba wanawake wanne, tukaitua ukumbini, tukarudi ndani nyuma ya pazia. Mdogo wa marehemu akaingia na fundi. Fundi alivua kofia, akapiga magoti, akalaza shavu karibu na sakafu ili achungulie kwenye mlango wa buluu. Alikaa hivyo kitambo, wala hakuna aliyemharakisha.

"Mwenye nyumba anataka mlango huu utokee uchochoroni?" akauliza.

Nilifungua kinywa nimjibie. Dada akanitangulia.

"Ndiyo, uchochoroni."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ametazama chini, akizungusha bangili yake.

Fundi akasema ukuta wa kati ni mwembamba, hautabeba paa. Dada akamwambia aurekebishe. Fundi akachukua matofali meupe yaliyobaki sandukuni, akaupanga ukuta wa pili kando ya ule wa kwanza, taratibu, vidole vyake vikubwa vikihangaika na vile vinundu. Mdogo wa marehemu akasema basi, ijengwe hivyohivyo, na kila asubuhi fundi aje aitazame kabla ya kuanza kazi. Akawa anakuja. Kamba ya upande wa jirani iling'olewa siku ileile.

Dada alipotoka eda, kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu tu ya madirisha. Nilimsindikiza. Aliingia kwa mlango wa uchochoroni, akaenda moja kwa moja hadi dirishani, akasimama mahali ambapo cherehani ingekaa. Akanyoosha mikono kwenye mwanga kama anayetunga uzi kwenye sindano. Hapo ndipo akalia, nami nikamwacha alie.

Alishona katika chumba kile miaka mingi. Kabla hata hajahamia, alikuja mke wa jirani, ambaye mumewe alikuwa amenunua kiwanja, akamwomba amtengenezee na yeye nyumba yake ya ubaoni, fundi aione. Dada akamwuliza jikoni anapataka wapi. Kisha akaibomoa nyumba yetu, tofali moja moja, akaanza kukunja nyuzi za yule mwanamke.