Nyasi Bila Upepo

Sekela, mkulima wa mpunga wa Kamsamba, alimuua simba kwa shoka siku ile simba alipomrarua mumewe shambani, mchana kweupe. Alimpasua fuvu, akaendelea kumkatakata hata alipokwisha kufa.

Mwaka 1954 gari la sinema lilifika kijijini. Kwenye shuka nyeupe watu walichinjana kwa mapanga, majirani wakaziba macho. Sekela akacheka. "Damu gani hii isiyo na harufu?"

Kisha zikaonekana nyasi tu, zikitikisika bila upepo. Sekela akapiga yowe, akairukia shuka na kuirarua kwa kucha.

"Mama, hapakuwa na kitu pale!" akasema Ruti, binti yake.

"Simba nilimwona, nikampiga. Lakini kwanza niliona nyasi tu, nikadhani ni mbuzi."

Asubuhi alifyeka majani yote kuzunguka nyumba, mpaka viganja vikamtoka damu.