Jioni Baba Alipokuwa Raia

Kila ninapopita karibu na mashine ya kumenya kahawa na kusikia harufu ya maganda yaliyochacha, naikumbuka jioni baba aliporudi kutoka Arusha akiwa raia. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Karatu. Baba alifika hapo akiwa kijana, kutoka ng'ambo ya mpaka, miaka mingi kabla haujafungwa.

Alivua koti, akatuambia, "Nimekula kiapo. Kuanzia leo humu ndani ni Kiswahili tu."

Mama yake, bibi yetu, hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Tulipoanza kula, alinyoosha mkono kuelekea chumvi.

"Itaje, mama," baba alisema. "Sema, chumvi."

Bibi aliurudisha mkono, akala ugali na maharage yake vivyo hivyo.

Jirani akapiga hodi. Alikuwa kijana aliyetoka Singida msimu uliopita kuja kuchuma kahawa.

"Shikamoo, mzee Mkenya!"

"Marahaba. Lakini mimi si Mkenya tena. Ni Mtanzania kama wewe."

"Ala! Hongera, mzee!" Akamshika baba mkono kwa furaha ya kweli. "Sasa mpaka ukifunguliwa, mtarudi lini kwenu?"

Kisha bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, huku akirudia neno la yule jirani, ambalo alikuwa amelisikia kambini mara nyingi: "Kwenu. Kwenu."

Baba alimkemea anyamaze. Alimkemea kwa lugha yetu.