Saa Tatu ya Mama Mvua

Tarehe 14 Aprili 1997, saa tatu kamili asubuhi, mpima mvua wa chuo kikuu alisoma milimita 41.6 kwenye bomba la kioo juu ya paa la Idara ya Jiografia. Tarakimu hiyo ipo mpaka leo katika daftari la kijani namba moja, ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, na alilowa chapachapa.

Tangu hapo amepanda ngazi ile ya chuma mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Alipojifungua kitinda mimba wake, mumewe, fundi cherehani, alimshikia kazi kwa wiki sita huku akilalamika kwamba yeye alioa mke, hakuoa mawingu. Chuoni wanamwita Mama Mvua. Hana shahada. Ana madaftari hamsini na sita.

Miaka kumi na miwili iliyopita mkutubi, mdogo wa mumewe, alimwomba ayaingize madaftari hayo kwenye kompyuta ya maktaba, ili yasomwe na yeyote, popote. Aliyaingiza kwa vidole viwili, miezi saba, na baada ya hapo akawa anaongeza kila wiki. Jedwali likawekwa mtandaoni, likasahaulika, halafu likaanza kutajwa. Walilitaja madaktari wa malaria, wahandisi wa mitaro, wachumi wa mavuno, hata mtaalamu mmoja wa lugha aliyetaka kujua kama magazeti hutia chumvi yanapoandika habari za mafuriko. Yalitia.

Kila Januari mkutubi hubandika karibu na lifti orodha ya kazi za chuo zilizotajwa zaidi na watafiti wengine. Mwaka huu jedwali la mvua lilikuwa la kwanza: mara 1,140. Profesa aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na 902, na kwa siku kadhaa alionekana akipanda ngazi badala ya lifti.

"Shemeji, umewagaragaza," mkutubi alimwambia. "Ijumaa makamu mkuu wa chuo anakukabidhi cheti. Vaa lile gauni la harusi ya binti yako."

Mama Mvua anastaafu tarehe 30 Juni. Cheti hicho kingekuwa cha kwanza na cha mwisho chenye jina lake.

Jumanne ya wiki hiyo akaja binti mmoja, mwanafunzi wa kitivo cha tiba, boksi la mitego ya mbu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, ila hicho kiti kina mguu mbovu."

"Samahani mama, nina swali la ajabu. Ulikuwa unapandaje huko juu saa tisa usiku?"

"Saa tisa usiku?" Mama Mvua akacheka. "Saa tisa usiku mimi nakoroma. Kamuulize mzee wangu."

"Lakini jedwali linasema unapima saa tisa usiku na saa tatu asubuhi. Tena linasema mvua kubwa hunyesha alfajiri. Mimi mitego yangu inakaa nje alfajiri hizo hizo, naikuta mikavu kama karatasi."

Binti akafungua kompyuta yake. Safu ya saa ilisomeka 03:00, kisha 09:00, kisha 03:00, mpaka chini. Mama Mvua akafungua daftari. Safu ya saa: 3, kisha 9, kisha 3.

Alikuwa ameandika 3 kwa sababu ilikuwa saa tatu. Kompyuta ikaongeza sifuri zake na kuhesabu tangu usiku wa manane, na kwa hesabu hiyo saa tatu ya asubuhi ni 09:00, na saa tisa ya alasiri ni 15:00. Mvua ya miaka ishirini na minane ilikuwa imerudishwa nyuma saa sita. Mkutubi alilikagua jedwali mara tatu kabla ya kuliweka mtandaoni: aliona tatu na tisa, na alijua shemeji yake hupima saa tatu na saa tisa. Zikalingana.

"Mama, si kosa kubwa," binti alisema taratibu.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni kosa la saa sita."

Mkuu wa idara naye alijaribu. "Jumla ya siku haijabadilika, mama. Acha Ijumaa ipite, tutarekebisha kimya kimya."

"Ijumaa napewa cheti cha nini?"

"Cha jedwali."

"Lipi?"



Nyumbani, mumewe alisikiliza hadithi nzima pini zikiwa mdomoni. Akazitoa moja moja. "Kwa hiyo dunia nzima imeandikiwa kwamba saa tisa usiku mke wangu hayupo kitandani, yupo paani? Andika barua, mama watoto. Mimi nina jina la kulinda."

Jumatano na Alhamisi kompyuta ya maktaba ilichuja zile kazi 1,140; Mama Mvua na mkutubi wakasoma zilizobaki. Nyingi zilitumia jumla ya siku tu, zilikuwa salama. Thelathini na saba zilitumia saa. Aliwaandikia wenye kazi hizo wote maneno yale yale: "Niliandika saa tatu ya asubuhi, kompyuta ikaifanya saa tisa ya usiku, nami sikuona. Kosa ni langu. Ongezeni saa sita." Nakala akampelekea makamu mkuu. Ijumaa alikuwa ameondolewa kwenye ratiba. Alikaa safu ya nne, ndani ya gauni lile lile, akampigia makofi profesa wa nafasi ya pili alipokabidhiwa cheti.

Wa kwanza kujibu alikuwa mhandisi wa mitaro. Alikuwa ameandika kurasa nne kueleza kwa nini mvua ya alfajiri huufikia mtaro mchana, na lawama zote akaubebesha udongo. "Nimeusingizia udongo wa watu," aliandika. "Asante, mama." Mwingine alikuja juu, akauliza nani atamrudishia miaka yake miwili. Mama Mvua alizichapisha barua zote mbili na kuzitia kwenye droo moja. Mitego ya binti sasa inaafikiana na mvua.

Jedwali lililosahihishwa lilitoka mwezi uliopita. La zamani lilikuwa na jina la idara. Hili lina jina lake. Juzi mkutubi alimpigia simu: "Shemeji, limeshatajwa na watatu."

"Watatu wa asubuhi au wa usiku?"

Suala la cheti, ofisi imesema, litatazamwa tena Januari, na wakati huo yeye atakuwa nyumbani. Kesho atapanda ngazi, atasoma bomba, na kwenye safu ya saa ataandika kwa maneno: saa tatu asubuhi.