Nilijiona fundi, baraka ya bibi ikaishia mikononi mwangu

Nimekosa, na sitafuti wa kunifuta machozi. Baraka ya mdogo wangu niliipoteza mimi mwenyewe!

Bibi yetu yuko Ntobeye, miguu haimbebi tena. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Ngara mjini. Tukakubaliana bibi ambariki akiwa nyumbani, nimrekodi, kisha watu wasikie ukumbini.

Kompyuta yangu ilikuwa inaumwa. Draiva ya sauti, ile programu inayoiwezesha mashine kupokea sauti, ilikuwa inachukua memori kila nikirekodi na hairudishi, mpaka mashine inaganda. Nikaingia ndani ya msimbo wake, nikaandika amri ya kuirudisha. Nikasema "haloo, haloo", ikatoka safi. Kichwa kikavimba!

Shangazi alitoa simu yake arekodi pia.

"Weka hiyo, shangazi," nikamwambia. "Hapa kuna mtaalamu."

Bibi akabariki kwa Kihangaza, taratibu, kwa kirefu. Kwetu mkubwa akibariki hakatishwi. Basi sikuthubutu kumsimamisha nisikilize kama inaingia. Alipomaliza tukashukuru, tukaondoka, nami kwa kujiamini sikuisikiliza hata kidogo.

Ukumbini ikasikika salamu yake tu, kisha mikwaruzo mitupu. Jamani! Nilikuwa naiachia memori mapema mno, sauti haijamaliza kuhifadhiwa, programu nyingine inapakalia pale pale. Kwa neno fupi huligundui kosa hilo. Mdogo wangu alisimama na shela lake, anasubiri maneno ambayo hayakuja.

Nikarudi Ntobeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Baraka nilishatoa, mjukuu wangu. Mimi si redio."

Hakurudia. Na mdogo wangu hapokei simu zangu hadi leo. Inaniuma, sifichi.

Mama anasema niachane na mashine nikalime maharage. Siachi! Draiva nimeirekebisha tena, sasa haiachii memori mpaka sauti iishe. Nimerekodi misa nzima ya Jumapili, mahubiri na yote, haikukwaruza. Wanaouliza mtoto wa mkulima anatafuta nini humo, waendelee kuuliza. Nimo.

Lakini wewe unayesoma, usipime kazi ndefu kwa neno fupi. Na mkubwa akianza kubariki, mkatishe! Mwambie, "Bibi, subiri kidogo nisikilize." Watasema huna adabu. Waache waseme! Mimi siku ile nilikuwa na adabu tele, na mdogo wangu ameolewa bila kuisikia baraka yake.