Maharagwe ya Mkwe na Jiwe la Shabu

Mwaka wenyewe ni ule viazi karai vilipopungua hadi vikawa sawa na gololi, samaki akawa wa kunusa kwa jirani, na Kibokoni nzima, wenye majina na wasio na majina, ikawa yala maharagwe mchana na jioni huku kila mtu akimwambia mgeni wake kwamba ni daktari ndiye aliyemkataza nyama. Mwaka huo ndio nilioaibika, na bora niseme mwenyewe, maana Bi Zuhura wa nyumba ya pili anaisimulia kila baraza, na kila akisimulia anaongeza chumvi (chumvi ambayo kwenye mapishi yake, Mungu anajua, sijawahi kuionja).

Mjukuu wangu Salimu alioa Mwende, msichana wa Ukambani, mpole, ana adabu kuliko Salimu mwenyewe. Mimba ya Mwende ilipokuwa kubwa, mamake akapanda treni akaja, na kifurushi cha maharagwe ya shamba lake, na baada ya salamu tu, hata viatu hajavua, akaniambia:

"Nyanya, kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Nimekuja kuona kama hapa kuna mtu wa kumlisha mwanangu. Nikiona yuko, nitamwacha."

Kama yuko! Mimi ambaye mtaa huu hakuna mzazi sijamkanda! Nilimtaka kitukuu yule azaliwe nyumbani kwangu, nimfukize mimi, nimpake wanja mimi, nimwogeshe mimi. Ubani nilikuwa nishaununua. Nikamjibu, "Mkwe wangu, hayo maharagwe yako kesho utayala kwa nazi, utasahau njia ya kwenu." Nikamwalika na Bi Zuhura, kwa sababu sifa bila shahidi haina ladha.

Jioni Mwende akayachagua kwenye ungo, akatoa vijiwe na mabovu, akaniuliza, "Bibi, niyaroweke?"

"Kuroweka ni kwa wasiojua kupika," nikamwambia. "Mimi nina magadi."

Basi hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Kuyalaza majini usiku mmoja tu, kazi ambayo hata maji yenyewe yanaifanya yakiwa yamelala, nikaona ni kujishusha. Asubuhi nikabandika sufuria, nikaingiza mkono mkebeni, nikatoa jiwe la magadi, nikalitumbukiza. Miwani sikuvaa (miwani ni ya wazee).

Yakachemka, yakacheza, asubuhi ikaondoka. Nikabonyeza punje: ngumu. Nikaongeza jiwe. Nikabonyeza tena: imezidi ugumu, kama inanijibu. Nikaongeza jingine. Adhana ya adhuhuri ikalia, wageni wako mkekani, na mle sufuriani bado yanagongana kama kokoto kwenye karai la fundi. Nikatia tui zito nikitumaini nazi itaficha aibu, tui nalo likakatika, likaelea vipande vipande. Mtu mwenye akili angetoka akasema, jamani leo yamenishinda, tununue chapati. Mimi nikapakua. Tena nikapamba kwa pilipili.

Bi Zuhura akatafuna. Kach! Akatoa meno yake ya bandia, akayageuza kuona kama yamebaki mazima, akayarudisha.

"Shoga, leo umetupikia reli ya treni?"

Nikaona mkwe wangu ananitazama. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo huu. "Si mapishi," nikasema, "ni maharagwe yenyewe. Ya zamani haya. Yamezeekea ghalani."

Mwende akainamisha uso. Mamake akaweka kijiko chini.

"Nyanya, haya nimeyapura juzi kwa mikono yangu. Mgongo bado unaniuma."

"Basi mvua ya kwenu haikuwa nzuri," nikasema. (Nani aliniuliza habari za mvua?)

Akaonja mchuzi taratibu, uso ukamkunjamana. "Kuna kitu kinavuta ulimi humu." Bi Zuhura hakungoja kuombwa. Akaingia jikoni kwangu, akarudi na mkebe, akatoa jiwe akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Likang'aa kama kioo.

"Bi Rukia! Magadi gani haya? Hii si shabu? Hii si ndiyo unayoyakazia maembe ya achari yasilegee?"

Ndiyo. Asubuhi nzima, kwa gesi yangu mwenyewe, nilikuwa nayakaza maharagwe.

Bi Zuhura alicheka mpaka akaegemea ukuta, hata Mwende alicheka, kashika tumbo. Mamake hakucheka.

"Kosa la jiwe ningelicheka, Nyanya," alisema polepole. "Nani hakosei? Lakini yalipoharibika, ulilaumu jasho langu. Mwanangu akikaa hapa na kitu kikiharibika, atalaumiwa nani?"

Wakaondoka kwa treni, Mwende na tumbo lake na kitukuu changu ndani. Ubani wa mzazi nikaufukizia jikoni, kutoa harufu ya tui lililoharibika.

Tangu hapo nimejua kwamba maharagwe magumu yana dawa, yalaze majini. Mdomo mgumu sijui unalazwa wapi.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mama Mwende akampigia Salimu simu, nikapewa niongee, sauti yake kunjufu kabisa. "Nyanya, yamepita hayo. Njoo umwone kitukuu chako, kelele zote hizi si za kwetu. Na maharagwe mapya yapo, utatupikia kwa nazi." Nyuma yake nikasikia kundi zima la wanawake linaangua kicheko. Kumbe hadithi ya shabu imepanda treni pamoja nao.

"Siendi, sipiki, na maharagwe msinitajie."

"Bibi," akasema Salimu, "hebu msikilize mtoto kwanza," akanibandikia tena simu sikioni. Analia. Analia kwa hasira, hapumui, sauti ya ukoo wangu hasa. Nikamsikiliza mpaka akanyamaza.

"Sasa je, Bibi?"

"Siendi, sipiki, na maharagwe msinitajie."