Klabu ya Shemeji na Ulimi Wangu

Mume wa dada yangu ni mtu wa kuficha. Alipopata kazi ya kutunza wazee, tulijua siku tuliyomwona na sare. Dada alipokuwa na mimba, mimi kaka yake niliambiwa zikiwa zimebaki wiki tatu ajifungue. Si ubaya. Anaogopa mahasidi, na kwetu Unguja anayesema amepata kabla hajashika mkononi huonekana kajitakia.

Kitu kimoja tu hakukificha: mapenzi yake kwa klabu ya mji mdogo wa Italia, alikofanya kazi kiwanda cha ngozi kabla ya kuhamia Croydon, kusini mwa London. Klabu hiyo ilikuwa daraja la nne, lenye makundi tisa, na bingwa wa kila kundi hupanda. Kila Jumapili baada ya chakula aliegemeza simu kwenye chupa ya achari tukaangalia mechi, picha ikikatika kila mpira ulipokaribia goli. Sikukosa hata Jumapili moja. Tangu mke wangu aniache, ile ndiyo nyumba pekee London ninayoweza kubisha hodi bila kupiga simu kwanza.

Mwaka juzi klabu ikatwaa ubingwa wa kundi lake. Shemeji akapika pilau kwa mkono wake na kualika nusu ya msikiti. Sijawahi kumwona akifurahi mbele za watu kiasi kile.

Mimi nikafungua mdomo. Kwenda kwao tramu hunipitisha karibu na jengo la uhamiaji, ambako zamani nilijifunza kwamba kukubaliwa ni jambo moja na karatasi ni jambo jingine. Isitoshe, asubuhi hiyo nilikuwa nimesoma makala moja, na nikishasoma makala moja huwa mtaalamu.

"Hongera, shemeji," nilisema, sahani mkononi, "lakini subiri karatasi. Kule mtu huwa bingwa na asipande."

"Kwa nini asipande?"

"Kuna ukaguzi. Uwanja, viti, taa."

Mzee mmoja aliyekaa karibu yangu aliacha kutafuna. Shemeji akaniongezea nyama bila kunitazama.

Mwezi wa saba habari zikaja. Taa za uwanja hazikutosha, fomu zilichelewa, na nafasi ikapewa klabu iliyoshika nafasi ya pili. Shemeji hakunilaumu hata kwa neno moja, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi. Dada akanipigia: "Jumapili hii tuna wageni, kaka." Na iliyofuata pia. Jumapili ya nne nikamuuliza hao wageni ni kina nani wasiokwisha.

"Mwenzio kasema una ulimi," alisema.

"Ulimi wangu ndio uliozima taa Italia?"

"Mimi nakwambia alivyosema. Njoo, lakini mpira usiutaje."

Nikarudi mezani kama mtu aliyepewa kibali cha muda. Simu haikuegemezwa tena kwenye chupa ya achari. Shemeji alikwenda nayo chooni akakaa huko dakika arubaini na tano. Siku moja nikajisahau nikamuuliza, "Vijana wanaendeleaje?"

"Wabovu. Wamefungwa tatu."

Kwenye tramu nikaangalia matokeo. Walikuwa wameshinda tatu kwa moja. Wiki nyingine akasema sare, nikakuta wameshinda ugenini. Kwanza nikaishuku simu yangu, kisha akili yake. Halafu nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine aliyonidanganya, hata zile sifa anazoyapa maandishi yangu. Mwishowe nikafungua msimamo wa ligi: klabu ilikuwa inaongoza kundi. Alikuwa akinificha ubingwa kama alivyonificha mimba.

Nina shahada mbili, moja ya falsafa. Nilipaswa kucheka. Badala yake nikawa naziangalia mechi zao nyumbani kwangu, mdomo nimeufunga, na penalti ikipigwa natazama ukuta. Kwa tahadhari tu. Nilijua wakikwama safari hii, hakuna dada atakayenirudisha pale mezani.

Siku ya mechi ya mwisho walihitaji sare. Nikamwambia dada nina mafua, nisije nikawapo nyumbani kwao mambo yakaharibika. Wakashinda mbili bila. Robo saa baadaye simu ikalia.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya msibani, "tumeshuka daraja."

"Pole sana."

Nyuma yake dada yangu alikuwa anapiga vigelegele.

"Kelele za nini hizo?"

"Majirani. Wana sherehe."

"Wape hongera zangu."

Nilisikia mlango ukifungwa na vigelegele vikififia.

"Uwanja wao huko," nilisema, maana sikuweza kujizuia, "hao majirani. Taa wameshaweka?"

"Shemeji."

"Nauliza tu."

"Usiulize." Alishusha pumzi. "Mafua yakiisha, njoo mwezi wa saba, karatasi zikishatoka. Nitapika pilau."

"Pilau ya nini, na mmeshuka daraja?"

"Ya kujifariji," alisema. "Mpaka hapo, tafadhali, usiwe na maoni."

Nikamwambia sina maoni. Nilikuwa nayo matatu.