Ngata ya Mzee Kasiano

Siku moja inanirudia sana siku hizi, mwanangu, na wala haihusiani na jambo ninalotaka kukuambia. Tulikuwa kwetu Mwazye, mimi mdogo bado, mama akanipa ngata yake ya kuweka kichwani chini ya mzigo, niishike wakati anafunga kuni. Ngata ile aliisuka mwenyewe kwa nyasi, akaizungushia kipande cha kitenge. Nikaiweka chini nikacheze kidogo, mbuzi akaila. Alibakiza kitenge tu. Nilijua leo nachapwa, lakini mama alicheka mpaka akakaa chini. Jirani alimpa ngata yake, akakataa, akasema ngata ya mtu mwingine haimkai sawa, shingo itamuuma. Akabeba kichwa kitupu mpaka nyumbani. Yule mbuzi tulimla Pasaka, ila hiyo nitakusimulia siku nyingine.

Basi nilipokua nikaja Sumbawanga na ngata aliyonisukia yeye. Shule sikufika mbali, lakini mgongo nilikuwa nao. Nikapata kazi ya kupakia mahindi kwenye maghala. Wapakiaji tulikuwa na chama chetu, na mwenyekiti alikuwa Mzee Kasiano, mtu wa Msanzi. Ndiye aliyenifundisha kuinua gunia kwa magoti, si kwa kiuno, na ndiyo maana leo unaniona bado nasimama wima.

Chama kilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi kila mtu anatupa ngata yake kwenye rundo moja. Mama muuza uji analigeuzia rundo mgongo, anapapasa nyuma na kutoa ngata moja moja. Ya kwako ikitoka, lori linalofuata ni lako. Mzee Kasiano mwenyewe kuna siku alitoka wa mwisho, akaenda kunywa uji wake bila kununa.

Halafu akaja mtu tuliyemwita Koti, kwa sababu ya koti lake la ngozi. Hakuwa mpakiaji, shingo yake laini kama ya mtoto. Alikuja na wenzake wawili wasiosema kitu. Akatununulia chai na chapati, akasema matajiri wa mahindi wanatuonea, tumpe chama atusemee. Na kweli, mwanangu, tulikuwa tunaonewa. Hapo ndipo alipotunasa. Mimi akaniita pembeni, akaniambia nikimuunga mkono, ngata yangu haitaingia tena kwenye rundo. Nitakuwa wa kwanza kila siku. Nilikuwa nahangaika na mahari ya bibi yako wakati huo. Sijitetei, nakueleza tu.

Mzee Kasiano akapata habari. Alinikuta nimeegemea magunia.

"Kijana wangu," akasema, "yule hataki kubeba. Anataka mlango."

"Mlango gani, mzee?"

"Wa kuingilia kazini. Akishaushika, wewe utamlipa akufungulie, na tajiri atamlipa asimfungie."

Nikamjibu kwamba amechoka tu, awapishe wenye nguvu. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo huu huu ninaolia nao ugali wa ulezi.

Na ikawa kama alivyosema. Koti alipochukua chama, rundo la ngata likafa. Anayetaka lori awape kwanza pesa wale wawili. Ukikataa unakaa mpaka jua linazama. Siku moja mvua imetanda, lori lipo wazi, mahindi yapo nje, Koti akatuambia tukae chini, tugome kwa ajili ya haki zetu. Tukakaa, tukaloa. Tajiri akaingia naye kwenye gari, wakaongea, Koti akatoka akasema inukeni mpakie. Malipo yetu yalikuwa yale yale. Mgomo ulikuwa wetu, yeye ndiye aliyeuuza. Mara nyingine yanakuja magunia tunayoambiwa tuyapange katikati ya mengine na tusiulize, na nani angeuliza, wakati kazi yake imeshikwa na mtu? Mimi niliyeahidiwa kuwa wa kwanza nilikuwa wa kwanza mwezi mmoja tu. Akaja binamu yake, nikaambiwa nilipe kama wenzangu.

Sasa jana uliniambia, mjukuu wangu, kwamba pale kwenye kijiwe chenu cha bodaboda Pito kuna mshikaji kawanunulia wote vizibao, anaomba tu uenyekiti, ingawa pikipiki hajui hata kuiwasha. Chai yangu ikapoa.

Nakuomba, mwanangu. Chama usikikimbie, ni kitu kizuri. Lakini zamu zenu zishikwe na mtu anayepanga foleni pamoja nanyi, mnayemwona akipigwa na jua na mvua. Mkionewa, nendeni mkaseme wenyewe, hata kwa kigugumizi. Na mtu akikuahidi utakuwa wa kwanza daima, muulize wa mwisho atakuwa nani. Kizibao mrudishie. Mungu akulindie shingo yako, akupe abiria wenye adabu, na jina lako ulilotoka nalo asubuhi urudi nalo jioni.

Nimekuombea sasa hivi kwa sababu mwisho wa habari hii huwa unaninyima sauti.

Siku ya uchaguzi tulisimama mistari miwili uani mwa ghala. Nyuma ya Koti mstari mrefu. Nyuma ya Mzee Kasiano wazee wawili na mama muuza uji, ambaye hata hakuwa mwanachama. Mimi nilikuwa bado katikati. Mzee akanitazama. Nikaenda kwa Koti.

Hakumtukana mtu. Alikwenda kwenye rundo, akaokota ngata yake, akaipiga pajani kutoa vumbi la mahindi, akaja mpaka nilipo. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu," akasema. "Magoti, si kiuno."

Akaniwekea ngata yake kichwani, akainyoosha kwa mikono miwili mpaka ikakaa sawa. Kisha akatoka getini, akashika barabara ya Msanzi, na hakurudi tena.